Kiwanja cha ndege kinapoteza abiria? Pima hivi kabla hujatoa dawa

Watu wengi wakiona kiwanja cha ndege kimepungukiwa abiria wanakimbilia jibu moja tu, uongozi mbovu, au uchumi umeshuka, basi imeisha hiyo. Ila huu ugonjwa una vyanzo vingi na kila chanzo kina dawa yake, ukikosea kupima unaweza ukamwaga dola bilioni nzima kutibu kitu ambacho hakiumwi, na ilishatokea, ntaonyesha wapi. Mimi naishi upande wa Kentucky, ukivuka mto Ohio tu uko Cincinnati, na kiwanja chetu hapa kilikuwa moja ya vitovu vikubwa vya Marekani, mwaka 2005 kilipitisha karibu abiria milioni 23, miaka 8 baadae hawakufika hata milioni 6. Mji haukuungua, hakukuwa na vita, watu hawakuhama. Nakipita kila usiku nikienda kazini kwenye mizigo kwa hiyo hii mada iko moyoni kwangu.

Nikisema kitovu, au habu kama wanavyoita watu wa ndege, namaanisha kiwanja ambacho shirika fulani limekichagua ndege zake zikutane hapo, abiria ashuke kwenye hii apande ile. Kwa sisi tuliokulia barabara ya kutoka Dar kwenda kaskazini mfano uko wazi, ni Chalinze. Basi la Morogoro linapita, la Tanga linapita, la Arusha linapita, watu wanashuka kuchimba dawa na kununua mahindi ya kuchoma, mji umechangamka usiku kucha, ila ukiuliza wangapi kati ya wale wote wanaishi Chalinze ni wachache mno. Halafu barabara ya Bagamoyo mpaka Msata ikawekwa lami, na gari nyingi ndogo za kwenda Tanga na Moshi zikaacha kupita pale. Chalinze haikukosea kitu. Iweke hiyo picha kichwani.

Kipimo cha kwanza, kabla hata hujaangalia dalili

Tafuta jambo moja: katika kila abiria 100, wangapi wanatoka nje ya mlango na begi lao, na wangapi wanabadilisha ndege tu. Wale wa kwanza ntawaita wa mji, hawa wa pili wa kupita. Na usidanganyike na jumla, manake kwenye hesabu za Marekani mtu anahesabiwa akishuka na anahesabiwa tena akipanda, kwa hiyo mtu wa kupita ambae hajawahi hata kuuona mji wenyewe anaandikwa mara mbili ndani ya saa moja. Ndo maana kitovu kikifungwa namba zinaporomoka vibaya sana wakati foleni ya teksi pale nje iko vilevile.

Wa mji ni wako. Wa kupita ni wa shirika la ndege, wewe umeazimwa tu, na nguo ya kuazima haisitiri matako.

Kuna hesabu nyingine ndogo ambayo lazima uielewe, bila hiyo hutaelewa kwanini kuporomoka kunakuwa kwa ghafla. Kitovu chenye ndege za kwenda miji 40 kinaunganisha jozi 780 za miji, yaani kila mji na kila mwenzake. Sasa shirika likisema tunapunguza kidogo tu, tunatoa miji 10, unabaki na 30, na jozi zinabaki 435. Umekata robo ya miji lakini umepoteza asilimia 44 ya safari za kuunganisha. Zile ndege zilizobaki nazo sasa zinakosa watu maana waliokuwa wanazijaza walikuwa wanatoka kwenye ile miji 10, mwaka unaofuata shirika linaangalia vitabu linaona hasara, linakata tena. Kwa hiyo ukisikia neno "kupunguza kidogo" kwenye kitovu chenye wa kupita wengi, usilichukulie poa.

Dalili: ndege bado ni nyingi ila zinazidi kuwa ndogo

Hii ndo ya mapema kuliko zote na ndo watu wanaipuuza, kwa sababu ubao wa safari bado umejaa. Hapa Cincinnati, shirika la Delta na kampuni yake ndogo Comair walikuwa na safari zaidi ya 600 kwa siku, ila sehemu kubwa zilikuwa zile jeti ndogo za viti 50. Ndege ya viti 50 inahitaji marubani wawili kama ya viti 150 tu, inachoma mafuta kidogo kwa safari lakini mengi kwa kila kiti, na mafuta yakiwa bei chee inalipa. Mwezi wa saba 2008 pipa la mafuta lilifika dola 147, na kuanzia hapo kiwanja chochote kilichokuwa kinaishi kwa hizo jeti kilikuwa kwenye shida kubwa. Comair yenyewe ilifungwa 2012, jengo lake la mageti lilikuwa limeshafungwa toka 2009 na baadae likabomolewa.

Cha kupima: usihesabu safari, hesabu viti. Safari zikibaki 500 huku viti vinashuka kila mwaka, homa imeshaanza. Angalia pia mawimbi kwenye ratiba. Kitovu kinafanya kazi kwa mawimbi, ndege zinaingia kwa mkupuo, zinakaa saa moja hivi, zinatoka kwa mkupuo. Mawimbi yakipungua, mtu anayeunganisha anakaa saa nne anasubiri, mara ya pili hatakuja, atapita kwingine.

Dalili: mashirika mawili yameungana na kila mtu anaapa hamna kitakachobadilika

Hapa naomba tukae kidogo maana ndo chanzo kikubwa cha yote niliyoyaona Marekani. Ukiozesha familia mbili zenye vitovu sita, baada ya miaka michache utakuta vimebaki vinne, na vinavyokufa ni vile vilivyo karibu na kaka zao.

Mji wa St. Louis ulikuwa nyumbani kwa shirika la ndege la TWA. Mwaka 2000 kiwanja kilipitisha abiria milioni 30. Shirika la American likainunua TWA 2001, na American tayari walikuwa na Chicago pale juu na Dallas kule chini, mashambulizi ya Septemba 11 yakaja mwaka huohuo, Novemba 2003 wakakata safari za St. Louis karibu nusu kwa mara moja. Mwaka 2004 abiria walikuwa milioni 13 tu.

Delta na Northwest wakaungana 2008. Northwest walikuja na Detroit, na kutoka hapa kwetu mpaka Detroit haifiki hata kilomita 400. Walikuja pia na Memphis, ambayo kwa ndege ni saa moja na kitu tu kutoka Atlanta, na Atlanta ni makao makuu ya Delta yenye wakazi mara nyingi zaidi. Cincinnati ikanyauka taratibu, Memphis ikafutwa rasmi kama kitovu Septemba 2013. Halafu United na Continental wakaungana 2010, Cleveland, kitovu cha Continental, wakawa na wasiwasi, kukawa na makubaliano mpaka na mwanasheria mkuu wa jimbo la Ohio kwamba safari zitabaki kwa muda fulani, muda ukapita, Februari 2014 wakatangaza wanakifunga kitovu.

Kwa hiyo ukiwa meya au mwenye hoteli pembeni ya kiwanja, siku muungano unatangazwa usisome hotuba ya mkurugenzi. Chukua ramani na rula. Chora vitovu vyote vya kampuni mpya. Kama kuna kingine ndani ya saa moja na nusu ya ndege, na mji ule una watu wengi na hela nyingi kuliko wako, basi una miaka mitatu mpaka mitano ya kujipanga. Ahadi ya maandishi inasaidia kununua muda, na muda ni kitu, ila itumie hiyo miaka usilale.

Dalili: nauli ziko juu na watu wako wanaendesha gari kwenda kupanda kwa jirani

Hii inauma kwa sababu wagonjwa ni wananchi wenyewe. Shirika moja likishika karibu mageti yote linapanga bei linavyotaka. Cincinnati kwa miaka mingi ilikuwa kati ya viwanja vyenye nauli ghali kuliko vyote Marekani, na watu wa hapa wakazoea kuamka saa tisa usiku kuendesha mpaka Dayton, Louisville, Indianapolis au Columbus, familia ya watu watano unaokoa hela ya maana hata ukitoa mafuta na maegesho. Sasa fikiria kinachotokea: wa mji, wale walio wako kweli, wanakukimbia, na unazidi kutegemea wa kupita. Kwa nje jumla inaonekana nzuri tu kwa sababu shirika linajaza wa kupita kwenye nafasi zao, kumbe mizizi inaoza.

Kipimo chake ni rahisi sana, nenda kwenye maegesho ya viwanja vya jirani uhesabu namba za magari za kwenu. Dawa yake pia inajulikana, ni kuleta mashirika ya bei nafuu mapema, kabla kitovu hakijafa, ila hapo ndo ugumu, kwa sababu lile shirika kubwa litanuna, na viongozi wanaogopa kumuudhi anayewapa safari 600.

Dalili: jengo linang'aa, mageti hayana ndege

Pittsburgh walifungua jengo jipya la abiria Oktoba 1992, karibu dola bilioni moja, mageti 75, mabawa yake yamekaa kama herufi X ili mtu wa kuunganisha afike geti lolote bila kutembea sana, kuna maduka ya nguvu ndani, wakati huo watu walikuwa wanatoka nchi nyingine kuja kuliangalia. Lilichorwa kwa ajili ya shirika moja, USAir, ambayo baadae ikaitwa US Airways. Kila kitu mle kilikuwa cha mtu wa kupita. Mtu wa mji alikuwa anaingia jengo moja, anapanda treni ndogo, anaenda jengo la pili ndo apande ndege.

US Airways wakafilisika Agosti 2002, wakafilisika tena Septemba 2004. Walikuwa na Philadelphia na Charlotte pia, na Philadelphia ni mji mkubwa zaidi ndani ya jimbo lilelile la Pennsylvania. Wakaondoa kitovu 2004. Kutoka safari zaidi ya 500 kwa siku na abiria kama milioni 20 kwa mwaka, wakashuka mpaka kama milioni 8.

Ila deni la jengo halikushuka. Na hapa ndo pana utaratibu ambao watu hawaujui: mashirika ya ndege yanalipa ada ya kutua na kodi ya mageti, na hizo ada zinapangwa kulingana na gharama za kiwanja. Abiria wakiwa milioni 20 deni linagawanywa kwa milioni 20, wakiwa milioni 8 deni lilelile linagawanywa kwa milioni 8. Kwa hiyo kila aliyebaki analipa zaidi, anaona kwanini nisiende kwingine, anaondoka, na mzigo unazidi kwa waliobaki. Pittsburgh waliponaje? Walifunga sehemu za mabawa, wakaacha kusubiri US Airways irudi, wakaita mashirika mengi madogo madogo, na mwaka 2013 wakakodisha ardhi ya kiwanja kwa kampuni ya kuchimba gesi kwa malipo ya mwanzo ya dola milioni 50, hiyo hela ikasaidia kupunguza ada. Na mwaka 2025 wamefungua jengo jipya lisilohitaji ile treni, limepimwa kwa watu wa Pittsburgh wenyewe. Mimi hawa watu nawaheshimu sana kwa kukubali ukweli.

St. Louis kwenye hili nawaonea huruma. Walikuwa wanaongeza barabara ya kurukia ndege, waliipanga wakati abiria wanaongezeka, ikabidi wabomoe nyumba kama 2,000 kwenye kitongoji cha Bridgeton, familia zikahamishwa, gharama ikapita dola bilioni moja, na ilipofunguliwa Aprili 2006 msongamano uliofanya ijengwe ulikuwa umeshaondoka na American miaka miwili na nusu nyuma. Ndo ile bilioni niliyosema pale mwanzo.

Kwa hiyo kabla ya kusaini ujenzi jiulize, shirika hili moja likiondoka kesho, nani analipa deni? Kama jibu ni "litabaki tu", simamisha ujenzi.

Dalili: shirika lenyewe limekufa usiku mmoja

Hapa usikate tamaa haraka, matokeo yanategemea kile kipimo cha kwanza. Malév, shirika la Hungary, ilisimama Februari 3, 2012. Budapest ilipoteza wa kupita karibu wote, jengo moja likafungwa, lakini Ryanair, shirika la bei nafuu, walifungua kituo mwezi huohuo na Wizz Air, ambayo ni ya kwao hukohuko, ikaongeza ndege, mwaka ule ukaisha na abiria milioni 8 na nusu, pungufu kidogo tu ya mwaka uliotangulia. Mpaka 2019 walikuwa zaidi ya milioni 16. Mji una watalii, una watu wake wanaofanya kazi Ulaya magharibi, wa mji walikuwepo siku zote.

Brussels ilikuwa ngumu zaidi. Sabena, shirika la Ubelgiji ambalo wazee wa Kinshasa, Bujumbura na Kigali wanalijua vizuri, ilikufa Novemba 2001. Kiwanja kilitoka abiria milioni 21 na nusu mwaka 2000 kikaenda milioni 14 mwaka 2002, na ilichukua zaidi ya miaka 10 kurudi pale. Maana yake sehemu kubwa walikuwa wa kupita, wakiwemo wa Afrika wanaounganisha kwenda Ulaya na Marekani, na hao walihamia Paris na Amsterdam bila shida yoyote.

Dalili: hamna aliyekosea, ila ramani imebadilika

Gander, kule Newfoundland Canada, kilifunguliwa 1938 na miaka ya 1950 ndege nyingi za kuvuka Atlantiki zilishuka pale kujaza mafuta. Ng'ambo ya pili ilikuwa Shannon, Ireland, ambako 1947 ndo lilifunguliwa duka la kwanza duniani la uwanja wa ndege lisilotoza ushuru. Jeti za masafa marefu zilipokuja, hamna tena sababu ya kushuka. Ni Bagamoyo na Msata ileile. Ukiwa Gander hapo hamna hotuba wala punguzo la ada litakalomrudisha mtu anayeweza kuruka moja kwa moja.

Anchorage, Alaska, ilikuwa kituo cha abiria wa Ulaya kwenda Japani kwa sababu Wasovieti walikuwa hawaruhusu anga ya Siberia. Anga ilipofunguliwa abiria wakaisha. Ila wao waligundua kitu kimoja, ndege ya mizigo inafikiri tofauti na abiria: kila tani ya mafuta unayobeba ni tani ya mzigo umeiacha, kwa hiyo inalipa kushuka katikati, ujaze, uendelee umejaza mzigo kamili. Mpaka leo Anchorage ni kati ya viwanja vya mizigo vikubwa duniani.

Halafu angalia Helsinki. Finnair walijenga kitovu chote juu ya ukweli mmoja wa jiografia, kwamba njia fupi kutoka Ulaya kwenda Asia inapita juu ya Finland na Siberia. Mwaka 2019 kiwanja kilipitisha karibu abiria milioni 22. Februari 2022 anga ya Urusi ikafungwa, Helsinki kwenda Tokyo ikatoka saa 9 na kitu ikawa saa kama 13, na kile kilichokuwa faida yao kikaondoka kwa sababu ya vita isiyo yao. Kama kiwanja chako kinaishi kwa sababu moja ya ramani, andika hiyo sababu kwenye karatasi, na pembeni andika nani anaweza kuifuta.

Dalili: wenye shirika wameanza kutoka mmoja mmoja

Hii sisi tunaijua kwa uchungu. East African Airways ilikuwa ya Kenya, Uganda na Tanzania, makao Nairobi, ikafa 1977 Jumuiya yenyewe ilipovunjika. Kila nchi ikaanzisha shirika lake, Nairobi ikabaki na karakana na watu wenye ujuzi, Dar na Entebbe wakaanza karibu na sifuri. KIA, kiwanja cha Kilimanjaro, kilikuwa kimefunguliwa 1971 tu, bado kichanga.

Ghuba nako ilitokea hivohivo ila polepole. Gulf Air ilikuwa ya Bahrain, Qatar, Abu Dhabi na Oman, na Bahrain ndo ilikuwa kitovu, ukitaka kwenda Ulaya unapita Bahrain. Katikati ya miaka ya 80 Gulf Air wakapunguza safari za Dubai, ambayo haikuwa hata na hisa humo, na Dubai wakajibu kwa kuanzisha Emirates Oktoba 1985 na ndege za kukodi. Halafu Oman wakaanza Oman Air 1993, Qatar wakaanza Qatar Airways 1994, Abu Dhabi wakaanza Etihad 2003. Qatar wakajitoa Gulf Air 2002, Abu Dhabi 2005, Oman 2007, Bahrain akabaki peke yake. Ndo maana ndugu zetu wa Zanzibar na Mombasa wanaokwenda Ulaya leo wanapita Muscat, Doha au Dubai, na Bahrain hawaiwazi kabisa.

Ivory Coast pia. Air Afrique ya nchi 11, ilianzishwa 1961, ikafa 2002, mwaka huohuo vita ikaanza, Abidjan ikapoteza nafasi, na wa kupita wa Afrika Magharibi wengi wakajikuta Lomé, ambako shirika la ASKY lilianza kuruka 2010 kwa mkono wa shirika la Ethiopian.

Cha kupima hapa: mwenye hisa ameanza kununua ndege zake? Ana kiwanja chake anajenga? Ukiona hivo usingoje barua ya kujitoa.

Dalili: mji mmoja, viwanja viwili

Fupi tu. Montreal walifungua Mirabel 1975 kwa safari za nje na kuacha Dorval kwa safari za ndani, mtu wa kuunganisha inabidi apande basi kati ya viwanja viwili, nani atafanya hivyo wakati Toronto ipo? Mirabel ikaacha abiria 2004. Milan walihamishia kitovu Malpensa 1998 huku Linate iko karibu na mji na watu wanaipenda, Alitalia wakaondoa kitovu 2008. Ukigawa wimbi umelivunja.

Na Nairobi je?

Naulizwa sana. JKIA imeonyesha dalili kadhaa: moto wa Agosti 7, 2013 ulioteketeza sehemu ya wanaowasili, Kenya Airways kupata hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 25 za Kenya miaka miwili mfululizo baada ya kununua ndege kubwa wakati utalii unashuka, jengo jipya lililowekewa jiwe la msingi 2013 na mkataba ukafutwa 2016, barabara ya kurukia ni moja tu. Wakati huohuo Addis Ababa wana barabara mbili, na Januari 2019 walizindua upanuzi mkubwa wa kiwanja chao cha Bole.

Ila pima kama tulivyopima wengine. Ramani haijabadilika, Nairobi bado iko pazuri na iko mita 1,600 hivi juu ya bahari wakati Bole ni 2,300, hewa nyepesi zaidi, ndege nzito inateseka kupaa, ndo maana wenzetu wanaojenga kiwanja kipya Bishoftu wanashuka chini kidogo. Wa mji Nairobi wapo, Umoja wa Mataifa upo Gigiri, watalii wapo, maua yanajaza matumbo ya ndege za kwenda Ulaya. Kwa hiyo mimi naona ugonjwa wa Nairobi ni mtaji wa shirika na ukongwe wa kiwanja, vitu vyote viwili vinatibika, sio ugonjwa wa Gander wala wa Memphis. Nairobi ikipata hofu ikakimbilia jengo kubwa kabla ya shirika kupona, hapo ndo itakuwa imejipeleka Pittsburgh.

Usichanganye na homa ya kawaida

Mwaka 2020 karibu kila kiwanja duniani kilianguka, corona. Usitumie mwaka huo kama ushahidi wa chochote. Barabara ya kurukia ikiwa matengenezo, msimu wa mvua, mgomo wa marubani, hivo vinapita. Angalia miaka mitatu mfululizo, linganisha na viwanja vya jirani, kama nyote mmeshuka ni uchumi, kama umeshuka peke yako rudi juu uanze kupima.

Kilichotokea hapa kwetu

Cincinnati hawakupata kitovu kingine cha abiria. Kilichofanyika ni kwamba baada ya Delta kupungua, mageti yakawa wazi, mashirika ya bei nafuu kina Frontier na Allegiant wakaingia, nauli zikashuka, na wale waliokuwa wanaendesha mpaka Dayton saa tisa usiku wakarudi nyumbani. Mizigo nayo, DHL walirudi 2009 baada ya kuwa wamehama miaka michache, na Amazon wakafungua kituo chao kikubwa cha ndege Agosti 2021, mizigo inataka barabara ndefu za kurukia na usiku usio na foleni, vitu ambavyo kitovu cha zamani kinaviacha bure. Memphis hivyohivyo, wamebaki na FedEx.

Mwaka 2019 abiria hapa walipita milioni 9. Ni chini ya nusu ya 2005, lakini safari hii karibu wote wanashukia hapa, wanasubiri begi, wanatoka nje kutafuta gari.